Mtakatifu Yohane wa Mungu, Baba wa Wagonjwa na Wendawazimu

Kila mwaka, tarehe 8 Machi, Eklezya hufanya ukumbusho wa Mtakatifu Yohane wa Mungu. Wauguzi wengi wamekwisha kuona sanamu yake: mtu mwenye kanzu duni, kichwa kilichonyolewa, amemshika mgonjwa mikononi mwake. Lakini si wengi wajuao kwamba mtu huyu, kabla ya kuwa baba wa wagonjwa, alifungwa mwenyewe katika nyumba ya wendawazimu, akatiwa pingu na kupigwa mijeledi, kwa sababu watu walimdhania kuwa amerukwa na akili. Mambo aliyoyaona ndani ya nyumba ile ndiyo yaliyomfundisha kazi yake yote. Na katika vijiji vyetu na mitaa ya miji yetu wako hata leo watu wanaofungwa kamba na minyororo kwa ajili ya ugonjwa wa akili. Kwa hiyo yafaa tuyasome maisha yake polepole, wasomaji wapenzi, tupate kuona yatufundisha nini.

Mtoto aliyetoka kwao

Yohane alizaliwa mwaka 1495 katika mji mdogo wa Montemor-o-Novo, nchi ya Ureno. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini, wenye imani. Alipokuwa na umri wa miaka minane tu alitoka kwao pasipo wazazi wake kujua, akachukuliwa mpaka nchi jirani ya Hispania, akabaki katika mji wa Oropesa. Mama yake alikufa kwa huzuni baada ya muda si mrefu. Baba yake alipobaki peke yake akaingia katika utawa wa Mtakatifu Fransisko, akafia humo. Mtoto hakujua neno lo lote la hayo. Huko Oropesa alipokewa na msimamizi wa mifugo ya bwana mkubwa wa mji ule, akalelewa nyumbani mwake, akawa mchungaji wa kondoo. Miaka mingi aliishi hivi, mtu wa malisho na wa kimya, mtiifu kwa waliomlea.

Askari mwenye bahati mbaya

Mwaka 1523 Kaisari Karolo wa 5 alikuwa akipigana na mfalme wa Ufaransa penye mji wa Fuenterrabía, mpakani mwa nchi hizo mbili. Yohane akavutwa na tamaa ya kuona ulimwengu, akaacha kondoo, akawa askari. Huko alipata mabaya mawili. Siku moja wenzake walikosa chakula, wakamtuma akatafute katika mashamba ya jirani. Alipanda farasi jike aliyetekwa kwa Wafaransa. Mnyama alipotambua njia ya kwao akaanza kukimbia kwa nguvu zote, akamtupa Yohane juu ya mawe. Akalala pale muda mrefu, damu inamtoka, bila fahamu. Alipozinduka alimwomba Bikira Maria, akajikokota mpaka kambini.

Baya la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kapiteni alimwagiza alinde mali iliyotekwa vitani, na wezi wakaiiba. Kapiteni hakutaka kusikia maneno yake, akaamuru anyongwe. Kamba ilikuwa tayari. Kumbe akapita bwana mmoja mwenye cheo, akamwombea huruma, na Yohane akaachiliwa kwa sharti la kutoka jeshini mara moja. Tangu siku ile alijua jinsi mtu alivyo anapokuwa mikononi mwa wenye nguvu, ambao wamekwisha kumhukumu kabla ya kumsikiliza.

Alirudi kwa kondoo wake, lakini hakutulia. Mwaka 1532 alifuatana na bwana mkubwa wa Oropesa katika vita vya kuwazuia Waturuki wasiuteke mji wa Vienna. Waliporudi kwa njia ya bahari, Yohane akakumbuka nchi yake aliyoiacha alipokuwa mtoto. Akaenda kwa miguu hata Montemor-o-Novo, akamkuta mjomba wake mzee, na huyu ndiye aliyemweleza habari za kifo cha mama yake na cha baba yake. Yohane alilia sana. Aliona kwamba yeye ndiye sababu ya uchungu wao, akaondoka tena, akitafuta namna ya kumtumikia Mungu, lakini hajui ni namna gani. Alipokuwa akitunza farasi za tajiri mmoja aliona jinsi wanyama wale walivyonenepa na kung'aa, na maskini mlangoni wamekonda na hawana nguo. Akajiuliza moyoni kama haifai zaidi kuwalisha watu kuliko farasi.

Katika mji wa Ceuta

Baadaye alivuka bahari hata Ceuta, mji wa Afrika ya kaskazini uliokuwa chini ya Wareno. Njiani alikutana na bwana mmoja Mreno aliyefukuzwa katika nchi yake pamoja na mke wake na binti zake wanne. Huko Ceuta watu hao wakaugua, wakaishiwa na fedha. Yohane akaenda kufanya kazi ya kujenga kuta za mji, na jioni aliwapa mshahara wake wapate kula.

Wasimamizi wa kazi ile walikuwa wakali. Waliwatukana wajenzi na kuwapiga kama watumwa. Rafiki mmoja wa Yohane hakuweza kuvumilia tena, akatoroka, akaacha hata imani yake. Yohane alihuzunika mno, karibu akate tamaa. Lakini neno lile likakaa moyoni mwake: ukali usio na huruma humharibu mtu, humfukuza mbali na watu na mbali na Mungu.

Muuza vitabu wa Granada

Yohane alirudi Hispania, akaanza biashara ndogo ya vitabu na picha takatifu. Alivibeba mgongoni, akizunguka toka kijiji hata kijiji, mwisho akafika katika mji wa Granada, akafungua duka dogo karibu na lango la Elvira. Ilikuwa karibu na mwaka 1538, naye alikuwa amepita umri wa miaka arobaini.

Tarehe 20 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Sebastiano, padri mmoja mashuhuri, Yohane wa Avila, alihubiri mbele ya watu wengi. Maneno yake yalimchoma Yohane moyoni kama mkuki. Alitoka akilia kwa sauti kuu na kumwomba Mungu huruma, akijipiga kifua na kujigaragaza katika matope. Alikimbia dukani, akavipasua vitabu vya hadithi za kidunia, akagawa vile vya dini pasipo malipo, akagawa picha, akagawa hata nguo zake. Watoto wakamfuata wakipiga kelele na kumtupia mawe na matope. Yohane wa Avila alipomsikiliza alitambua kwamba ni majuto ya kweli, akamtia moyo. Lakini mji mzima ulisema ni wazimu, maana mambo hayo hayakukoma. Mwisho watu wawili wenye nia njema walimwonea huruma, wakamshika mkono, wakampeleka katika hospitali ya wafalme, mahali walipowekwa wendawazimu, wakitumaini kwamba atatunzwa.

Katika nyumba ya wendawazimu

Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1504 na Mfalme Ferdinando na Malkia Isabela, nao waliiachia mali nyingi kwa ajili ya wagonjwa. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri na imara. Lakini dawa kubwa waliyoijua wakati ule kwa wagonjwa wa akili ilikuwa mjeledi. Walimvua mgonjwa nguo, wakamfunga mikono na miguu, wakampiga kwa kamba iliyokunjwa mara mbili, wakidhani kwamba maumivu yatautoa ukali wake na kumrudishia akili. Tusidhani kwamba watumishi wale wote walikuwa watu waovu. Wengi waliamini kwamba wanaponya. Waliogopa kelele na mikono ya wagonjwa, na woga wao ukapata jina zuri la matibabu.

Yohane naye akatendewa vivyo hivyo. Kwa ajili yake mwenyewe hakulalamika. Aliyapokea mapigo kama malipo ya dhambi zake. Lakini alipoona wengine wanafungwa na kupigwa hakuweza kunyamaza. Aliwakemea watumishi waziwazi. Aliwauliza kwa nini wanawatesa hivi ndugu zao walio wanyonge, wakati iliwapasa kuwahurumia, kuwasafisha na kuwalisha kwa upendo. Akawakumbusha kwamba wafalme waliacha mali kwa kazi hiyo, wala si kwa kununua kamba. Watumishi wakaona maneno hayo ni dalili nyingine ya wazimu, wakamwongezea mapigo.

Tulitazame vizuri jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Mtu aliyeitwa mwenda wazimu alisema kweli, na kwa kuwa aliitwa mwenda wazimu, kweli yake haikusikilizwa. Alipokasirika kwa ajili ya dhuluma, hasira yake ikahesabiwa ugonjwa. Na kadiri walivyompiga ndivyo alivyozidi kusema, na kadiri alivyozidi kusema ndivyo walivyompiga. Hata leo mambo huwa hivi mahali pengi: mgonjwa anafungwa kwa sababu anapiga kelele, naye anapiga kelele kwa sababu amefungwa.

Baada ya siku kadhaa Yohane alitulia, akafunguliwa pingu, akaruhusiwa kutembea ndani ya nyumba. Hapo hakutafuta njia ya kutoroka. Alichukua ufagio, akafagia vyumba, akasugua vyombo, akawaosha na kuwahudumia wagonjwa wenzake. Alipokuwa akifanya kazi hiyo aliendelea kuona wengine wanapigwa, na hapo ndipo alipokata shauri. Alimwomba Mungu ampe siku moja nyumba yake mwenyewe, ili aweze kuwapokea maskini walioachwa na wale waliopotewa na akili, na kuwatumikia jinsi moyo wake ulivyotaka. Kisha akaaga kwa amani, akatoka.

Nyumba ya maskini

Alikwenda kwanza kuhiji kwa Mama Maria katika mji wa Guadalupe, akapitia kwa Padri Yohane wa Avila apate mashauri. Aliporudi Granada hakuwa na kitu. Kila siku alipanda milimani kukata kuni, akaziuza mjini, na fedha aliyoipata akawagawia maskini. Siku ya kwanza aliona haya kuingia mjini na mzigo, maana watu wote walimjua kuwa ni yule mwenda wazimu; akampa mjane mmoja maskini kuni zile, akarudi. Siku ya pili alishinda haya, akaingia hata katikati ya soko. Watu wakamcheka, naye akacheka pamoja nao.

Haikupita miaka mingi, akakodi nyumba ndogo, akatandika mikeka na mablanketi makuukuu, akaanza kukusanya wagonjwa waliolala barabarani. Wasioweza kutembea aliwabeba mgongoni. Kila aliyefika alimwosha miguu na kumbusu, akampa chakula na mahali pa kulala. Usiku alizunguka mjini na kapu mgongoni na vyungu viwili vilivyoning'inia kwa kamba, akiita watu wajifanyie wema wenyewe kwa kuwapa maskini. Neno hilo liliwashangaza wenye mali, kwa sababu halikuwaomba wawafanyie wengine wema tu. Liliwaambia kwamba anayetoa ndiye anayefaidika. Wakafungua milango.

Baadaye nyumba ikawa ndogo, akahamia nyumba kubwa zaidi katika mtaa wa Gomérez. Katika barua moja aliyomwandikia rafiki yake alihesabu watu waliokuwa humo: walipita 110, wakiwa ni viwete, wakoma, mabubu, wendawazimu, waliopooza, wazee, watoto na wasafiri. Aliandika pia kwamba anadaiwa dukati zaidi ya 200. Mara nyingine hakuthubutu kutoka mlangoni kwa kuwaogopa waliomdai. Mwaka 1548 alikwenda kwa miguu hata Valladolid, palipokuwa nyumba ya ufalme, akaomba msaada kwa Filipo, mwana wa Kaisari. Lakini fedha nyingi aliyopata aliigawa huko huko kwa maskini wa mji ule.

Askofu mmoja mwenye cheo kikubwa katika baraza la hukumu la Granada alimkaribisha mezani, akamwuliza jina lake. Tangu siku ile akamwita Yohane wa Mungu, akamvika kanzu ya namna moja, ili asiendelee kubadilishana nguo zake na kila ombaomba aliyekutana naye njiani.

Alivyowatendea wenye hasira

Nyumba iliyojaa watu wa namna hiyo haikukosa ugomvi. Wengine walimtukana Yohane kwa sababu chakula kilichelewa. Wengine walimwita mnafiki. Siku moja mwanamke mmoja alimtukana kwa maneno makali. Yohane akampa vipande viwili vya fedha, akamwomba aende kuyatangaza sokoni. Mwanamke hakuwa na la kuongeza.

Siku nyingine alipita katika njia nyembamba na kapu lake, akamgusa kwa bahati mbaya bwana mmoja mgeni, joho la bwana yule likaanguka. Bwana akamtukana na kumpiga kofi. Yohane akakubali kosa, akasema anastahili na la pili. Bwana akazidi kukasirika, akawaamuru watumishi wake wampige. Mtu mmoja wa mji akatoka nyumbani, akapaza sauti na kumtaja jina Yohane wa Mungu. Bwana alipotambua amempiga nani, akaanguka miguuni pake na kuomba radhi, na baadaye akampelekea sadaka kubwa kwa ajili ya wagonjwa.

Walakini Yohane hakuwa mtu wa kuvumilia tu. Alijua pia kuzima moto wa hasira kati ya watu wengine. Katika mji ule alikuwapo mtu jina lake Antón Martín, ambaye ndugu yake aliuawa na mtu mmoja jina lake Pedro Velasco. Muuaji alikuwa gerezani, na Antón Martín hakulala usingizi mpaka aone amehukumiwa kufa. Yohane alikutana naye njiani, akapiga magoti mbele yake na kumwonyesha msalaba, akamsihi asamehe jinsi naye anavyotaka kusamehewa. Moyo wa mtu yule ukalegea. Walikwenda pamoja gerezani, na Antón Martín akamkumbatia aliyemwua ndugu yake. Hao wawili, adui wa jana, wakawa wenzi wa kwanza wa Yohane katika hospitali, wakawahudumia wagonjwa pamoja chini ya dari moja.

Watu wengine walimshitaki kwa Askofu mkuu, Pedro Guerrero, kwamba nyumba yake imejaa wazururaji na watu wabaya. Askofu akamwita. Yohane akamjibu kwa unyenyekevu kwamba katika nyumba ile anamjua mtu mmoja tu mbaya, ndiye yeye mwenyewe, asiyestahili mkate wa maskini. Askofu akamwacha aendelee na kazi yake.

Moto katika hospitali ya wafalme

Tarehe 3 Julai 1549 moto ulitokea jikoni katika hospitali ya wafalme, ile ile alimofungwa na kupigwa. Moto ukaenea upesi, na watu waliokuwa nje hawakuthubutu kuingia. Yohane alipopata habari alikuja mbio, akaingia katika moshi. Alizijua njia za ndani, maana alizifagia kwa mikono yake. Alifungua milango na kutoa wagonjwa, wengine akiwashika mkono, wengine akiwabeba mabegani, mpaka wote wakatoka. Kisha akarudi kutupa vitanda na mablanketi kwa madirisha, ili maskini wasikose pa kulala. Mwisho akapanda juu ya paa na shoka kuikatia moto njia. Ndimi za moto zikamzunguka, watu wakasema amekufa. Kumbe akatoka mzima, nyusi zake tu zimeungua.

Nyumba iliyomfunga pingu ndiyo aliyoiokoa.

Kifo chake

Mwanzo wa mwaka 1550 mto Genil ulifurika, ukachukua magogo mengi. Yohane alikwenda pamoja na wengine kuokota kuni za maskini wake, ingawa alikuwa mgonjwa tayari. Kijana mmoja akasombwa na maji. Yohane akajitupa mtoni ili amkamate, asiweze. Baridi ya maji ikauzidisha ugonjwa wake. Mama mmoja mwenye cheo, Ana Osorio, akamwomba akubali kutunzwa katika nyumba yake, naye Yohane akawaaga wagonjwa wake kwa machozi. Akamkabidhi Antón Martín hospitali, akampa Askofu mkuu kitabu cha madeni yake. Askofu akakubali kuyalipa.

Tarehe 8 Machi, alipoona saa yake imefika, alishuka kitandani, akapiga magoti na msalaba mikononi, akafa katika hali hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 55. Mji wote ulimzika, matajiri na maskini, waliomtupia mawe na waliolishwa naye. Mwaka 1690 Baba Mtakatifu Alesandro wa 8 alimwandika katika hesabu ya watakatifu, na mwaka 1930 Pio wa 11 akamfanya kuwa mlinzi wa wauguzi wote.

Waliomfuata

Wenzi wa Yohane wakawa shirika la watawa, Mafurere wa Mtakatifu Yohane wa Mungu. Mwaka 1572 Baba Mtakatifu Pio wa 5 alilikubali, likaenea katika nchi nyingi. Nyumba zao hazikukosa kasoro. Katika baadhi yake, kama ile ya Charenton karibu na Paris, wagonjwa walikaa nyuma ya milango yenye kufuli kwa muda mrefu. Shauri jema la baba halikuwaingia wana wote kwa siku moja.

Wengine nao walishika njia ile ile. Katika mji wa Paris, mwaka 1797, mwuguzi Jean-Baptiste Pussin aliwafungua minyororo wagonjwa wa hospitali ya Bicêtre, na mganga Philippe Pinel, aliyejifunza mengi kwake, akafanya vivyo hivyo katika hospitali ya Salpêtrière. Huko Gent, katika Ubelgiji, Padri Petrus Jozef Triest alianzisha Mafurere wa Karita mwaka 1807, akawatuma kwa wendawazimu waliofungwa chini ya ngome ya zamani. Pamoja na mganga Jozef Guislain akaweka kanuni za kuwatunza kwa upole. Mafurere hao ndio waliofungua baadaye nyumba za wagonjwa wa akili huko Ndera katika Rwanda na huko Bukavu katika Congo yetu.

Mafundisho kwetu

Wapenzi wasomaji, labda katika kijiji chako yuko mtu anayesema peke yake usiku, anayetupa mawe, anayetishia ndugu zake. Jamaa wanaogopa, na woga wao si wa bure. Wengine hutafuta kamba, wengine hutafuta mnyororo, wengine humpeleka mahali pa kufungishwa njaa na kupigwa ili pepo atoke. Mtakatifu Yohane aliyapata hayo yote isipokuwa dawa ya kweli, maana wakati wake haikuwapo. Leo ipo. Magonjwa mengi ya akili hutulizwa na dawa za hospitali, na kifafa vilevile, wala kifafa hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa. Kupiga hakuponyi lo lote. Mnyororo hutia vidonda mwilini, hudhoofisha viungo, na humfundisha mgonjwa kwamba ndugu zake ni adui.

Mgonjwa akiwaka hasira, mara nyingi ni kwa sababu anaogopa. Basi tusimzunguke watu kumi. Asogee mtu mmoja anayemjua na kumpenda, asimame mbali kidogo, amwachie nafasi ya kutoka, aseme kwa sauti ya chini, bila kubishana naye wala kumcheka. Wengine waondoe watoto na visu. Aulizwe kama ana njaa, kama ana kiu, kama amelala. Maji ya kunywa na maneno ya upole yamezuia mapigano mengi.

Na kama yuko karibu kuua au kujiua, ikalazimu kumshika, basi ashikwe bila kupigwa, kwa muda mfupi uwezekanao, uso wake uwe huru apate kupumua, na mtu abaki naye asiachwe peke yake, mpaka afikishwe kwa waganga. Akiisha kutulia, tukae naye, tumwulize ni nini kilichomwasha, na ni nini kingemsaidia siku nyingine. Yeye ndiye anayejua. Watumishi wa Granada hawakumwuliza Yohane, kwa hiyo hawakujua ni nani waliyekuwa wakimpiga.

Wauguzi nao wana mzigo mzito, nao huumizwa pengine, tena wako wachache. Tusiwahukumu upesi; tuwasaidie. Jamaa wasimwache mgonjwa wao mlangoni na kukimbia. Wamtembelee, wamletee nguo safi, wampokee akitoka, wamtafutie kazi ndogo mikononi, kama vile ufagio ulivyomfaa Yohane.

Sisi wakristu tuliofundishwa kwamba Yezu Kristu yumo katika mgonjwa, tukumbuke kwamba naye Yezu alifungwa kamba na kupigwa mijeledi, na kwamba Herode na askari wake walimdharau na kumfanyia mzaha kama mtu asiye na akili. Basi tutakapomwona mwenda wazimu njiani, watoto wanamkimbiza na mawe, tusipite tu. Tuwazuie watoto, tumpe maji, tumwulize jina lake.

Mtakatifu Yohane wa Mungu, utuombee.